Macho ya Mgeni Yaende Wapi: Kutangaza Mbio za Gemu

Maneno niliyowaambia vijana wa mbio za gemu, Ngamiani, Tanga, Jumamosi asubuhi kabla ya mazoezi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja mapema. Najua wengine mmetoka Pongwe, wengine Sahare, na jua lenyewe mnaliona.

Jumamosi ijayo ukumbi huu utajaa watu. Watakuja kina mama, wajomba, walimu, na majirani waliosikia kwamba kuna vijana wanamaliza gemu mbio mbio ili kuchangisha fedha za vitabu vya shule. Wengi wao hawajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani. Wengine, tuseme ukweli, wanaamini gemu ndiyo iliyowaharibia watoto. Hao ndio wageni wetu, na mimi nafurahi wanakuja.

Kucheza mnajua. Kwenye vidole sina la kuwafundisha, wengi wenu mmenipita zamani. Nimekuja kusema habari ya mdomo: yule anayekaa kando ya mchezaji na kipaza sauti afanye nini, ili mama aliyetoka sokoni na kapu lake akae dakika arobaini asitamani kuondoka.

Nirudi barazani kwetu kwanza. Nilikulia Barabara ya Nane, na jioni wazee walikuwa wakicheza bao nje ya nyumba ya jirani. Bao mnalijua: mashimo 32, kete 64, watu wawili wameinamiana. Mtoto akilitazama haoni kitu. Anaona mikono inachota kete na kuzimwaga, inachota na kumwaga. Lakini palikuwa na mzee mmoja ambaye mwenyewe hakuwa akicheza sana. Alikuwa akikaa na sisi watoto kwenye ukingo wa baraza, anatuambia kwa sauti ya chini, "Tazameni nyumba ya huyu wa kushoto. Imejaa. Mwenzake anaivizia. Akiteleza hapa tu, inaliwa." Basi macho yetu sote yanaganda kwenye shimo lile moja. Mkono ukija ukaila ile nyumba, tunapiga kelele utadhani sisi ndio tuliocheza. Siku ambazo mzee hakuja, bao lilikuwa lile lile na wachezaji wale wale, na sisi tulikuwa tunaondoka kwenda kucheza chandimu.

Nilichokuja nacho leo ni hicho, sina kingine kikubwa. Mwambie mtazamaji atazame wapi kabla jambo halijatokea. Ukimwambia baadaye, umemwalika harusini watu wameshakula na kutawanyika.

Najua hili kwa sababu nilishalikosea. Mwaka jana nilitangaza mbio za Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikasimama nikaeleza historia ya mbio, nani aliwahi kushika rekodi, aina za mashindano, toleo la mashine, fremu kwa sekunde. Nilipomaliza utangulizi zilikuwa zimepita kama dakika saba, na mbio zenyewe ni dakika tano. Kijana aliyeshika pedi amekaa, vidole vimempoa. Akaanza hivyo hivyo. Akamaliza leveli ya kwanza, akaingia ya pili, akapanda akakimbia juu ya dari, akazama kwenye bomba akatokea dunia ya nne, yaani kundi la nne la leveli. Ilikuwa kazi safi kabisa. Shangazi yangu alikuwa safu ya pili. Akaniuliza, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima, "Mwanangu, mbona kaacha katikati? Kashindwa?"

Swali lile limenikaa mwaka mzima. Kijana alikuwa amefanya jambo zuri kuliko yote tuliyoyaona siku ile, na mtu aliyekuja kumpenda akaliona kuwa ni kushindwa. Kosa halikuwa la shangazi. Nilikuwa nimesema maneno ya dakika saba bila kumwambia maneno matatu aliyoyahitaji. Ningesema hivi: "Gemu hii ina leveli 32. Kijana wetu atapita nane tu, kwa sababu waliotengeneza gemu waliweka mabomba ya kuruka zilizobaki. Mkimwona juu ya dari mwisho wa leveli ya pili, jueni analitafuta bomba la kwanza. Akizama, ametoka dunia ya kwanza mpaka ya nne, mshangilieni." Hizo ni sekunde ishirini. Shangazi angepiga vigelegele.

Wepesi hauonekani peke yake, wadogo zangu. Asiyewahi kwenda Muheza kwa miguu hajui basi limemwokolea nini. Kwa hiyo kabla ya kumwonyesha mtu haraka, mpe kidogo habari ya polepole. Mwambie mtu wa kawaida hapa anahangaikaje: anatafuta ufunguo, anazunguka chumba hiki na kile, anapigana na jitu mara tatu. Halafu sema, "Huyu hatatafuta ufunguo." Nyamaza. Wacha aone mlango unapitwa.

Katika utangulizi nataka nisikie jina la mchezaji, litamkwe vizuri kama mama yake anavyolitamka. Nataka nisikie jina la gemu, na mbio zinaishia wapi. Hili la mwisho watu wanalisahau sana. Katika Super Mario Bros. saa inasimama Mario anapogusa shoka kwenye daraja la mwisho; asiyejua atakuwa anasubiri binti mfalme na amekosa raha ya mwisho wenyewe. Toeni na makadirio ya muda, ili mtu ajue kama ana nafasi ya kwenda kuswali na kurudi. Kisha jambo moja la kuvizia. Moja, tafadhali. Mengine yatapata nafasi yake njiani, maana kila gemu ina sehemu za ukimya, milango inapofunguka, mashine inapopakia, lifti inapopanda. Zijueni sehemu hizo. Chukueni video ya mazoezi, muitazame na karatasi, muandike: hapa nina sekunde kumi na mbili, hapa nina arobaini. Historia yenu ya gemu iwekeni hapo, na majina ya waliochangia yasomwe hapo.

Kwa wazee wangu ambao hili jambo ni geni, niseme kidogo lilikotoka. Watu wamekuwa wakishindana na saa kwenye gemu tangu zamani. Mwaka 1997 kikundi cha wachezaji kilitoa rekodi ya gemu inayoitwa Quake, wameimaliza kwa kiwango chake kigumu kabisa kwa dakika 19 na sekunde 49, watu wakashangaa. Januari 2010, huko Marekani, wachezaji wakakusanyika kucheza kwa zamu, kutwa na usiku, watu wakitazama kwa intaneti na kuchangia. Walikuwa wafanyie hotelini, intaneti ya hapo ikawa haifai, wakahamia nyumbani kwa mama wa mwandaaji, Mike Uyama. Nyumbani kwa mama! Wakapata zaidi ya dola 10,000 za hisani. Ndiyo hiyo inayoitwa leo Games Done Quick, na miaka ya karibuni wiki moja yao imewahi kuchangisha zaidi ya dola milioni tatu, kwa ajili ya vita dhidi ya saratani. Nawaambia hili ili yeyote anayeona ukumbi wetu ni mdogo na feni zetu zinalia ajue kwamba na wao walianzia sebuleni kwa mtu.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kueleza jambo gumu, maana hapa ndipo watangazaji wetu wengi wanapopotelea. Mtu anasema "fremu-ruli" na kuendelea, kana kwamba amesema "chai". Tulichukue jambo hilo hilo.

Super Mario Bros., ukishamaliza leveli, haikupeleki nyingine papo hapo. Inachungulia kwa vipindi kama umemaliza, kila baada ya fremu 21. Fremu ni picha moja ya skrini, na mashine inatoa fremu kama 60 kwa sekunde. Kwa hiyo ni kila theluthi ya sekunde hivi. Wachezaji wa nje wanalieleza kwa mfano wa basi. Sisi tuna pantoni la Pangani. Chukulia pantoni linang'oa nanga kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kila nusu saa kamili. Ukifika dakika mbili baada ya kuondoka la mwisho, au ukifika ishirini na nane baadaye unahema, utavuka na watu wale wale kwa saa ile ile. Haraka yako ina faida pale tu inapokuwahisha pantoni lililotangulia. Gemu nayo ni hivyo. Mchezaji anaweza kujikwaa kidogo kwenye leveli asipoteze hata chembe, kwa sababu pantoni lake bado lilikuwa gatini. Na anaweza kuchelewa fremu moja tu akalikosa, hapo theluthi ya sekunde imekwenda na hairudi.

Mkilieleza hivyo, mtaona jinsi macho ya watu yanavyobadilika mwisho wa kila leveli. Wataanza kuuliza, kawahi? Kawahi? Na nyinyi hamtapiga yowe kwa kila kujikwaa, mtajua lipi la kulia na lipi la kuacha lipite.

Halafu waambieni kuhusu 8-4, leveli ya mwisho. Huko hakuna pantoni. Shoka likiguswa saa imesimama, basi kila fremu inahesabiwa. Mwaka 2021 mchezaji anayejulikana kwa jina la Niftski alikuwa wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, alipata 4:54.948. Zile fremu chache zilizomvusha mpaka ule ni kama kufumba na kufumbua. Nilipomweleza shangazi hadithi ya pantoni, tulikuwa jikoni kwake anakuna nazi, akaacha kukuna akafikiri, akasema, "Kumbe ana pantoni saba za kuwahi, halafu la mwisho anaogelea." Sijasikia mtu aliyelisema vizuri kuliko hivyo, na nimesikiliza wengi. Litumieni, ameruhusu.

Jambo jingine ni hili la glichi, yaani kasoro ndani ya gemu ambayo mchezaji anaitumia. Mzazi akisikia mtoto amepita ukutani, la kwanza linalomjia ni kwamba amedanganya. Msimcheke na msimkwepe. Mimi napenda neno ufa. Gemu imejengwa na watu, na jengo la watu lina nyufa. Hawa wachezaji wamekaa miaka wakipapasa kuta mpaka wakazijua. Nawaomba sana msiseme "njia za panya". Najua mnalipenda, linachekesha, lakini hapa pwani neno hilo ni la magendo na bandari bubu, na baba wa mtu atalisikia hivyo hivyo.

Chukueni Super Mario 64, ya mwaka 1996. Ndani ya kasri ya gemu hiyo kuna ngazi isiyo na mwisho. Kama hujakusanya nyota 70, unapanda, unapanda, na hufiki. Mchezaji wa kawaida anarudi kutafuta nyota, kazi ya siku na siku. Sasa, waliotengeneza gemu waliwekea kikomo mbio za kwenda mbele, wakasahau kuweka kikomo mbio za kurudi nyuma. Mchezaji anageuza mgongo, anaruka kinyumenyume, anaruka tena na tena, kasi inapanda bila kizuizi, na ghafla anapenya ngazi nzima kwa kisogo. Simulia hivyo, kabla, polepole, uwaonyeshe mgongo wa Mario. Hakuna atakayesema kadanganya. Ongeza kwamba anayetaka kukusanya nyota zote 120 ana mashindano yake mbali, na rekodi zake mbali, kwa hiyo hakuna aliyemwibia mwenzake. Kudanganya kupo, nako ni kubadilisha gemu yenyewe kwa siri, au kukata video na kuiunga, na anayekamatwa rekodi yake inafutwa. Lisemeni wazi hilo, kwa heshima, mbele ya wazazi wenu.

Na ukimya, jamani. Redio ilitufundisha kitu ambacho hapa hakifai. Coastal Union, timu yetu ya mpira, ilipochukua ubingwa mwaka 1988, wengi wa rika la wazazi wenu waliiona ligi ile kwa masikio. Mtangazaji asiponena, mpira haupo. Watu wa Jumamosi wana macho. "Anaruka, anaruka tena, anakwenda kulia, anaruka" ni kumnyang'anya mtu kile ambacho amekiona mwenyewe. Sema asichoweza kukiona: hatari, sababu, kile kinachokuja. Na mchezaji anapofika kwenye ufa mgumu, neno lako liwe limeshasemwa zamani. Funga mdomo. Acha ukumbi usikie vidole kwenye pedi. Mji huu uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star unajua mwimbaji anaachiwa nafasi lini.

Patanieni ishara na mchezaji. Akigusa goti lake, maana yake usimwulize kitu. Mchezaji anayependa kujieleza mwenyewe mwachieni, nyinyi mjaze tu pale pumzi inapomkata. Asiyeweza kucheza na kusema kwa pamoja, msimlazimishe mbele za watu. Kwenye kochi wakae wawili, wa tatu ni msongamano. Na msicheke mambo yenu wenyewe. Mzaha wa watu wawili wanaojuana unamfunga mlango mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye tuliyemwita.

Mchezaji atakufa. Nyumbani ukikosea unaanza upya, umeanza upya mara mia kwa usiku mmoja na hakuna aliyejua. Jukwaani hakuna kuanza upya, tunaendelea mpaka mwisho. Hapo mtangazaji ndiye anayemshika mwenzake mkono. Usigune kwa masikitiko, usiseme "aah, kaharibu". Taja kilichopotea kwa kiasi chake, "hapo zimekwenda sekunde nane," kisha mwambie mtazamaji sasa atazame nini: je, atacheza salama, au atajaribu ule ufa mwingine ili azirudishe? Mara nyingi hapo ndipo ukumbi unapoamka kweli, kwa sababu sasa wanamwombea mtu, si saa.

Mambo madogo nayapita haraka. Kipaza sauti kiwe kando kidogo ya mdomo, kikiwa mbele kinavuma. Sauti ya gemu ipunguzwe isizimwe. Umeme ukikatika, mtangazaji asimulie leveli inayofuata kwa mdomo mpaka urudi. Mimi nadhani watu watalikumbuka hilo kuliko yote. Na salamu mwanzoni ni lazima, mkishika kipaza sauti mbele ya wazee bila shikamoo mmeshawapoteza.

Mazoezi yenyewe yatakwenda hivi. Shangazi yupo, mnamwona, safu ya pili pale pale alipokaa mwaka jana. Nimemwomba asivumilie kitu kwa ajili yetu. Akipotea, ananyanyua mkono. Mkono ukinyanyuka, mchezaji anasimamisha gemu, na mtangazaji anarudi nyuma mpaka atafute ni wapi alipomwacha. Hatuhesabu makosa ya vidole leo, tunahesabu mikono ya shangazi. Wiki ijayo nataka niwe nimeshajua ilinyanyuka wapi, ili sehemu zile tuziandikie maneno mapya.

Jozi ya kwanza ni nyinyi wawili wa Chumbageni. Kaeni. Wewe mwenye kipaza sauti, mgeukie kwanza shangazi umwamkie, halafu umwambie Mario atakapofika mwisho wa leveli ya pili ataonekana juu ya dari, na pale ndipo macho yake yasibanduke. Haya, washeni.